Kibao cha Njia Panda

"Hilo 'surprised' halifai," alisema Mwinjuma, katibu wa kijiji cha Kwemtindi, na brashi ya rangi ikabaki hewani mbele ya kibao cha kuwakaribisha wageni.

Mwalimu Kaleb, aliyeteremka kutoka Bungu kuja kuwafundishia watoto, alikunja uso. "Kwa nini, Bwana Katibu?"

"Hilo ni la mtu aliyefumaniwa. Mgeni akilisoma ataona hatukumtarajia, hata ugali hatujapika."

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Wageni wa pampu ya maji, Wazungu wafadhili, walikuwa njiani kutoka Korogwe wakiileta. Pampu ilikuwa moja, vijiji vilivyoiomba vingi, na Kwemtindi ndiyo iliyokubaliwa. Tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa, wanawake walichota maji ya tope bwawani pamoja na ng'ombe, na ndoo ilikwisha kumtegua shingo Mwaija, mke wa Mwinjuma. Kila alipomwona akijikanda, Mwinjuma aliona uchungu. Safari hii hakutaka kosa, hata la neno moja.

"Basi 'astonished'," alisema Kaleb.

Mwinjuma alilionja mdomoni. Lilikuwa neno refu, lenye heshima ya kutosha pampu. Akaliandika polepole.

"Lakini haliachwi hivyo hivyo," Kaleb akaongeza. "Lazima useme umestaajabishwa na nini."

"Na wema wao."

"Wema mkubwa."

"Mkubwa sana," alisema Mwinjuma, ambaye hakupenda kushindwa.

Kibao kikajaa. Ikabidi mstari wa chini ukwanguliwe kwa kisu, maana ndio pekee usiokuwa na Kiingereza. Wakakisimika njia panda, wakarudi kijijini kupanga ngoma.

Mchana ukapita. Wali ukapoa.

"Baba Zuena," Mwaija aliuliza, "hao wageni wako wanakuja kwa miguu?"

Mwinjuma alimjibu kwamba Wazungu hawana haraka.

Alasiri, Mhina, mgambo wa kijiji, alifika kwa baiskeli akihema. Pampu imekwisha shushwa kijiji cha mbele, alisema. Wageni walisimama njia panda, wakasoma kibao, wakakipiga picha, wakakisifu Kiingereza chake kwamba hakina dosari. Dereva akatafuta jina la kijiji juu, chini, mpaka nyuma ya ubao, asilione, akaendelea na safari.

"Kule mbele akauliza, 'Hapa ndipo Kwemtindi?'" alisema Mhina, akifuta jasho. "Watu wakaitikia kwa sauti moja kwamba ndipo."