Mbwa Alikuwa Anacheza Tu

Nje ya chumba cha mahakama mjini Doha, bosi alimwekea Akinyi tiketi ya ndege mapajani. Safari ilikuwa jioni hiyo hiyo.

"Anasema ufute kesi urudi Kenya ukapumzike, mwanangu," alisema mkalimani, mama wa makamo kutoka Mombasa. "Anasema mbwa alikuwa anacheza tu."

Akinyi alifungua kitambaa alichofungia mkono wa kulia. Vidole viwili vilikuwa vimekakamaa, havikunjiki wala havinyooki, na alama za meno zilipita kiganjani hadi kwenye kifundo. Kwa mkono huo alikuwa akipika, akifua, na kumwogesha mbwa huyo huyo nyumbani kwa bosi.

"Mama, muulize. Mbwa angecheza hivi na mkono wa binti yake, angempa tiketi?"

Mkalimani alisita. "Niseme hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Mkalimani akamtafsiria bosi neno kwa neno.

Karani alifungua mlango, akaita jina la Akinyi. Akinyi alisimama, akaishika tiketi kwa mkono ule mbovu. Ilimponyoka. Mkalimani alipoinama amsaidie, Akinyi alimzuia, akaiokota mwenyewe, akamrudishia bosi.

Kisha akaingia.