Saa Tatu za Ukungu

Ovide Falgout alianguka baharini mara ya tatu asubuhi ile, akashusha pumzi, akabonyeza kitufe cha kuanza upya.

Bahari yenyewe ilikuwa mbali. Yeye alikuwa ndani ya mashine ya kuigiza helikopta, kwenye chumba chenye giza karibu na uwanja wa ndege wa Houma, Louisiana, mbele yake kioo kilichojaa ukungu wa bandia. Alipungukiwa na saa tatu za kuruka kwa kufuata vipimo tu, bila kuona nje. Asipozipata kabla ya Jumatatu, zamu zake za kupeleka wafanyakazi kwenye mitambo ya mafuta baharini zingekwenda kwa shemeji yake Nolan, na mama mkwe angekuwa na la kusimulia kila Jumapili.

Marubani wa pwani ile walijua pa kuzipata saa rahisi. Mkufunzi mmoja alipiga nawe soga za uvuvi mpaka muda ukaisha, akasaini. Mwingine alikusainia hata ukiwa dukani. Ovide alikuwa mteja wa wote wawili. Safari hii bosi wake alimtuma kwa Clovis Pitre, akamwonya kwamba mzee yule hapitwi na kitu.

Alimkuta Clovis ameshaketi kiti cha nyuma, mikono magotini. Mzee alimwagiza kila kipimo akisome kwa sauti. Rubani asiyetamka anachokisoma, alisema, huyo hajakisoma.

Ovide akasoma. Kufikia saa ya pili alichoka, akajiambia kwamba katika giza lile nani atajua. Kimo kiliposhuka hadi futi mia tatu na mngurumo wa injini ukabadilika, yeye akatamka mia tano.

"Mashine inashuka, mwanangu," sauti ikatoka nyuma, "na wewe unanisomea hadithi."

Akairudisha juu haraka. Baadaye kidogo akaisimamisha safari kimyakimya, akachomoa mfukoni kipande cha soseji ya wali.

"Hiyo usiiandike kwenye saa za urukaji," Clovis akasema. "Halafu aliyeipika kazidisha pilipili."

Ovide alihisi macho ya mzee yamemganda kisogoni. Jasho likamtoka. Hakuthubutu tena kudanganya, wala kugeuka. Alivifuata vipimo kimoja baada ya kingine, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja ya kuandika saa ambazo nyingine alizipitisha usingizini, akaruka kweli. Mtambo wa mafuta ukajitokeza ndani ya ukungu palepale ulipotakiwa kuwa. Helikopta ikatua bila kishindo.

Aliona haya, kisha furaha ikamjia polepole.

"Mwanzo ulikuwa unapumua kama mtu anayekimbizwa," Clovis akamwambia. "Mwishoni hapa umepumua kama rubani. Umeandika muda gani?"

"Saa mbili na dakika hamsini, Mzee. Nimetoa za soseji."

"Basi rudi ukamalizie kumi."

Akarudi, akazimaliza, tena bila kuinua jicho kutoka kwenye vipimo. Aliposhuka, aliliweka daftari magotini pa mzee, akamwekea kidole kwenye mstari. Clovis akasaini kwa madaha. Ovide akamshukuru, akamwambia kwamba hajawahi kuangaliwa namna ile maishani mwake, na kwamba kila rubani wa Louisiana angepaswa kupita chini ya macho yake.

Clovis akacheka kidogo. Akasimama, akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akakuta bega la Ovide.

"Nitoe mpaka mlangoni, mwanangu. Earline aliyeniingiza amekwenda kula. Sheria inamtaka mkufunzi awepo na atie saini," akasema. "Kwamba ni lazima aone, bado sijasikia."