Msimamizi Mpya wa Shamba

Jembe la mafunzo lilivunjika siku ya kwanza, maana kambi ya Munigi imekaa juu ya mawe meusi ya volkano. Mtaalamu Fortunat hakujali. Aliwaambia wakimbizi kwamba kilimo cha kisasa hakianzii mkononi, kinaanzia kichwani.

Alikuwa mshauri wa mambo ya kilimo, mtu wa Bukavu, mwenye viatu vilivyong'aa hata kwenye vumbi la kambi. Wanafunzi wake walikuwa wakulima waliofukuzwa na vita upande wa Rutshuru. Aliwafundisha kusimamia mashamba makubwa, wao ambao hawakuwa na mahali pa kupanda hata kitunguu. Wengi walihudhuria kwa sababu ya bugali na maharage ya mchana.

Kasoki naye alifuata maharage. Alikaa nyuma na rafiki yake Charline, akisinzia, mpaka siku Fortunat alipoonyesha picha ya shamba la mfano: kilima cha kijani, ng'ombe wanene, nyumba ya mabati katikati ya migomba. Mwenye shamba, alisema, ni afande mmoja mwenye maono. Alikuta pori tupu lisilo na mtu, akaligeuza kuwa mali. Atakayeongoza darasa ataenda huko kuwa msimamizi.

Wanafunzi walipiga makofi. Kasoki hakupiga. Alinyoosha mkono kwa mara ya kwanza.

"Muzee, huyo musimamizi analala palepale mu shamba?"

"Lazima alale pale," Fortunat akajibu. "Musimamizi mzuri hatoki shambani."

Tangu siku hiyo Kasoki alihamia mbele. Alikariri kila neno la Kifaransa, hata yale ambayo Fortunat mwenyewe aliyatamka kwa wasiwasi. Alieleza jinsi ya kuchagua mbegu, kupanga vibarua na kuandaa mradi wa miaka mitano, yeye aliyelala chini ya turubai lililovuja. Fortunat alijaa fahari. Aliwaambia wafadhili kwamba hapo ndipo wanapoona matunda ya mafunzo.

Mtihani ulipokwisha, Kasoki aliongoza. Shirika lililoendesha mafunzo likampenda kiasi cha kutaka kubaki naye: angefanya kazi katika ofisi yao ya Katindo, apewe pikipiki na kiti cha kuzunguka. Alikataa. Charline alimwambia wazi kwamba ana wazimu, kwani mutu gani anaacha ofisi mjini na kwenda kulinda ng'ombe wa mwanajeshi?

Kasoki alimjibu tu kwamba yeye ni mutu wa udongo.

Akakabidhiwa cheti chenye mihuri mingi. Hakuna aliyemuuliza ametoka kilima gani. Kwa shirika, wakimbizi wote waliitwa walengwa. Gari la mradi likampeleka.

Afande alimpokea barazani, akasoma cheti kwa kukigeuza upande huu na ule, akasema ameridhika. Alilalamika kwamba vibarua wake, aliowaleta kutoka mbali, ni wavivu, na kwamba ardhi hii inahitaji watu waliosoma. Kisha akasogeza kiti karibu.

"Dada, kazi ya kwanza ni hii. Kuna watu wa kambi wanapita hapa, wanasema eti shamba ni lao. Ukiwaona, uwafukuze. Usiwape hata maji. Umesikia?"

Kasoki alichukua cheti chake. Akakikunja, akakifunga kwenye pindo la kitenge.

"Nimesikia, afande."

Afande akafurahi. Alitaka kumwita kibarua amwonyeshe kisima, lakini Kasoki akasema asisumbuke, atakiona tu. Akashuka nyuma ya jiko, akakata kushoto bila kutafuta njia, akapita katikati ya migomba hadi mahali nyasi zilipokuwa zimefunika vilima viwili vya udongo. Aliangalia nyuma, akaona yuko peke yake. Akapiga magoti, akaanza kung'oa nyasi.

"Papa, mama," alisema polepole, "ni mie, nimerudi. Wamenipa kazi ya kulinda shamba letu, ili sisi tusirudi."