Mchora Mabango na Herufi Iliyopinda

Mchora mabango alikaa mbele ya kompyuta, mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia usitikisike, kama alivyozoea kwa miaka thelathini ya kushika brashi. Alikuwa amebana pumzi.

Mwenye karakana alishasema: atakayeshindwa na mashine hii hadi leo jioni, akatafute kazi kwingine.

"Baba, pumua," alisema binti aliyekuwa akiwafundisha yeye na wachoraji wenzake. "Hiyo si rangi, haitachuruzika."

"Mletee tambara afute vidole," mwenzake mmoja alitania, na wengine wakacheka.

Mzee aliomba kimoyomoyo, Mungu wangu nishike mkono, kisha akachora. Herufi ikapinda vibaya. Jasho likamtoka, kwa maana kwake yeye kosa moja lilikuwa bati zima la bango la kukwangua rangi.

Binti alibonyeza kitufe mara moja tu. Herufi ikatoweka.

"Imekwenda wapi?"

"Imefutika. Ukikosea, unafuta."

"Hata mara mia?"

"Hata elfu, Baba."

Mzee aliutazama ule weupe wa skrini. Halafu akavuta kiti cha pili.

"Kaa, mwanangu. Nina makosa mengi ya kufanya kabla ya jioni."