Kikombe cha Mbio za Mofwe

Ngalula alipiga magoti kaburini, hoi kwa uchovu. Toka Kongo alivuka hadi Zambia akitafuta historia ya mtu wa kwanza kukimbiza gari lisilo na bodi kwenye udongo mkavu wa ziwa la Mofwe. Hatimaye mjane wa dereva huyo alikuwa amemleta hapa, nje kidogo ya Nchelenge.

Kikombe cha mbio kilikaa juu ya kaburi, kimetobolewa kitako.

“Kitu ya mufu tunaitoboaka, mwana,” mjane alisema.

Ngalula alikisugua kwa kidole gumba mpaka maandishi yakajitokeza: *Wa Pili*.

“Mama, wa kwanza alikuwa nani?”

Mjane alikuwa ameshageuka, akijikongoja kurudi nyumbani.

“Kikombe yake iko ku jiko, natiamo chumvi. Ile, bado kuitoboa: mwenyewe angali anapika.”