Kopo Jekundu la Virginie

"Virginie, nipe nikunywe mu kopo yako," Clément alisema, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshalinyakua kutoka kwenye msumari.

Virginie alinyoosha mkono amzuie. Kopo lile jekundu lilikuwa lake peke yake. Tangu aanze kuanguka kifafa, hakuna mtu Katuba nzima aliyethubutu kuligusa, maana walisema ugonjwa unapita kwenye mate.

Na huyu Clément ndiye aliyekuwa mchumba wake! Siku ya posa, mbele ya jamaa zote mbili, Virginie alianguka na mkono ukaingia kwenye mbabula iliyojaa makaa. Watu wakapiga kelele, wakakimbia povu. Clément alirudi nyuma, akaangalia kwanza viatu vyake vipya. Mama peke yake ndiye aliyemvuta binti, tena kwa upindo wa kitenge, na mkono ukawa umeshaungua mpaka kiwiko. Kesho yake mjomba wa Clément alikuja kusema posa imekufa.

Leo bwana huyo alichota maji mtungini kwa kopo hilohilo, akanywa mpaka tone la mwisho, akalamba na ukingo.

"Majandarme, basoda ba serikali, banakuya," alisema akihema. "Banabeba bijana bote, eti twende kupigana na ba-ONU, basoda ba Umoja wa Mataifa. Muntu ya kifafa banamuachaka. Niambukize, Virginie, nakuomba!"

Virginie alicheka mpaka akashika mbavu. Mwanaume mzima, na tai shingoni! Mwaka mzima hakumsalimia hata kanisani, leo anaomba kifafa kama mtoto anayeomba sukari.

Buti zikasikika uani. Sajini aliingia, na nyuma yake askari wawili wanaopokezana chupa ya bia. Yeye hawakumpa, wala hakuomba. Kopo la bati lilining'inia kwenye mkanda wake. Virginie alimtazama kwa dharau: lo, mkubwa gani huyu, hata kunywa pamoja na watu wake hataki! Tena na joto lote lile, mikono ya shati kaifunga vifungo mpaka kwenye viganja.

Clément alivua miwani yake, akaiweka mezani taratibu. Akautazama mkeka. Kisha akaanguka juu yake, akatema mate, akarusha miguu.

Askari wale wawili walitoka mbio kama kuku waliomwagiwa maji. Sajini hakusogea.

"Huyu iko mugonjwa kweli?" alimuuliza Virginie.

Neno moja tu lingemwokoa Clément. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake, maana vita haina mchezo, na bado alimwonea huruma, mjinga yeye. Kisha akaona jicho moja la Clément limefunguka, linamkonyeza amalize upesi.

"Miye nilianguka mu moto," Virginie alisema. "Yeye anachagua mukeka."

Sajini aliguna, akamwinua Clément kwa ukosi wa koti, akamvika ile miwani iliyokuwa mezani, akamsukuma mlangoni. Uani askari hawakutaka hata kumshika.

"Tembea mbele!" walimfokea, wakimwelekeza kwa mitutu. "Mbali na sisi!"

Sajini alibaki kizingitini. Alikuwa anautazama mkono wa Virginie. Virginie aliuficha nyuma, akasubiri tusi. Aliyajua yote.

Sajini alichungulia nje, akahakikisha wenzake wamefika barabarani. Akalifungua kopo lake kwenye mkanda, akaliweka mezani kando ya lile jekundu. Kisha akafungua vifungo, akakunja mkono wa shati mpaka kiwiko.

"Weye ilikuwa mbabula, dada?" aliuliza polepole. "Miye ilikuwa mafiga ya mama, kule Kipushi."