Gita Jekundu Kwenye Jalada

"Zote," alisema Tabea. "Nipe nakala zote ulizo nazo."

Shomari, muuza magazeti wa karibu na soko kuu, alimtazama mara mbili. Mke wa mchungaji, kitenge cha akina mama wa usharika kiunoni, anataka jarida la roki!

"Mama Mchungaji, hili si la kanisa."

"Nimeona. Lete."

Akazisukumia kapuni, akazifunika na mchicha, akaondoka bila kungoja chenji.

Msimcheke. Enzi zile za ruksa kila aliyepata taipureta alianzisha gazeti lake, na Hans, fundi redio wa Olasiti, alianzisha Gita na Grisi. Humo hukuti siasa wala udaku. Ni roki ya miaka ya sitini tu, ile ya vijana waliopiga magita ya umeme kwenye gereji, mafundi wakishafunga kazi. Hans alikuwa akizunguka mjini kuomba picha za zamani kama mtu anayechangisha harusi. Safari hii alipata za Spana Boys wa Kaloleni, na kwenye jalada, katikati ya wavulana, alisimama msichana mwenye sketi fupi na gita jekundu.

Msichana huyo alikuwa Tabea.

Hilo hakuwahi kumwambia mume wake, Lomayani. Angeanzia wapi? Bendi ilikufa siku vijana waliotumwa kukomesha muziki wa kihuni walipovamia gereji. Tabea alitorokea dirisha la nyuma, akaliacha gita, tena gita la kaka yake Eliya, aliyemwachia akiwa mahututi. Kesho yake alikuta vipande. Alivililia kama aliyefiwa mara ya pili, kisha akaingia kwaya, akajifunga kitambaa kichwani, akanyamaza.

Lomayani alipokuja kuposa alikuwa ametoka chuo cha Biblia, mpole, na akicheka mwanya wake unakufanya nawe ucheke. Tabea alikaa roho juu akingoja washenga waulize mwenendo wake, maana kwao huulizwa mpaka mwenendo wa bibi. Hawakuuliza neno. Alimshukuru Mungu usiku kucha.

Na mume alikuwa mwema, jamani. Hata kwaya ya vijana aliinunulia gita kwa mshahara wake, wazee wa kanisa wakinuna. Ila lilipopigwa ibadani yeye alitazama chini. Tabea aliona lile jambo akasema moyoni, huyu magita hayapendi, anavumilia tu. Je, akijua alioa mpiga gita, tena aliyemficha miaka yote hii?

Tabea akadandia pikapu ya viazi mpaka Ngaramtoni, kwenye meza ya Zamda, muuza magazeti mwingine.

"Umechelewa, mama," alisema Zamda. "Mchungaji amepita asubuhi, amebeba zote. Hata salamu zake leo zilikuwa za mbiombio."

Njia nzima ya kurudi alipanga maneno, akayapangua.

Moshi aliuona kabla hajafika getini. Nyuma ya jiko, kwenye migomba, Lomayani alikuwa amekaa kwenye kigoda akitia majarida motoni, moja baada ya jingine. Hakuinua uso.

"Baba Nice, nisikilize kwanza. Yule wa kwenye jalada ni mimi."

"Najua."

"Umejua leo?"

"Nilijua kabla sijakuposa. Ndiyo maana niliwakataza washenga wasiulize kitu."

Tabea akakaa chini palepale, kwenye majivu. Akalia, kwa furaha na kwa hasira ya miaka aliyojitesa bure. Kumbe alijulikana, na akatakwa hivyohivyo.

"Sasa unachoma nini, mume wangu? Niliogopa wewe tu. Kama wewe huna neno, acha watu waone."

Akanyoosha mkono kwenye rundo. Lomayani akauwahi, akaushika kwa nguvu ambayo Tabea hakuizoea.

"Usifungue ndani, Mama Nice. Nakuomba."

Tangu asubuhi Tabea hakuwa na ujasiri wa kutazama zaidi ya jalada. Sasa akauvuta mkono wake, akausogeza mchicha, akatoa nakala moja kapuni na kuifungua.

Kurasa mbili za kati zilikuwa za picha moja. Gita jekundu la Eliya lilikuwa limelazwa sakafuni, na kijana aliyeliinulia shoka alikuwa akiichekea kamera, mwanya wote nje.